Mashindano ya Mafumbo: Tuazime Mchezo, Maswali Tutunge Wenyewe

Wanachama wenzetu, kila mara tukutanapo kupanga kazi za Chama, swali moja hurudi: jioni za klabu tuzitumieje? Wako wapendao dansi, wako wapendao bao na karata, na wako wasemao kwamba mtu aliyeshinda kutwa mezani na kalamu hataki tena kusikia neno la elimu. Sisi hatupingi dansi wala bao. Walakini leo twataka kuweka mbele yenu mchezo wa namna nyingine, ambao Waingereza wamekuwa wakiusikiliza katika redio yao tangu mwaka 1947. Twaunena kwa sababu twaona ndani yake mna dawa ya ugonjwa mmoja ulioingia katika utumishi wetu, nao ni kudhani kwamba akili ni kukumbuka tu, na kwamba mtu asiye na jibu kamili afadhali anyamaze.

Mchezo huo waitwa Round Britain Quiz, yaani mashindano ya maswali yanayoizunguka Uingereza, na hutangazwa na BBC. Ulitanguliwa na mchezo mwingine ulioanza mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambao watu wa London walishindana na watu wa New York, bahari kubwa ikiwa katikati yao. Vita vilipokwisha, Waingereza waliurudisha nyumbani. Hapo mwanzo timu ya London ilikaa kama mwenye mji, na timu za majimbo zikaja kupambana nayo kwa zamu. Siku hizi desturi hiyo imeachwa. Scotland, Wales, Ireland ya Kaskazini na sehemu za England hushindana zote kwa zote. Miaka zaidi ya 75 imepita, na mchezo ungali hai.

Sheria zake ni chache. Kila timu ina watu wawili. Kila swali lina alama 6. Nalo si swali la kuuliza mfalme fulani alikufa mwaka gani, au mto fulani una urefu wa maili ngapi. Ni fumbo lililoundwa kwa vipande vitatu au vinne ambavyo kwa macho havina udugu hata kidogo. Washindani hupaswa kukitambua kila kipande, kisha kuiona kamba iliyovifunga pamoja. Hufanya kazi hiyo kwa sauti, wasikilizaji wakisikia kila neno. Wakikwama, msimamizi huwapa kidokezo. Na kwa kadiri ya msaada walioupata, alama zao hupungua. Tena maswali mengi hayatoki kwa wakubwa wa redio, bali huletwa na wasikilizaji wenyewe.

Ili msomaji apate kuona jinsi fumbo la namna hiyo lilivyo, tumetunga moja kwa mfano wao: Ni vita gani vya mwaka 1854 ambavyo mtu wa leo aweza kuvivaa kichwani, na wakuu wawili waliokuwako akawavaa mwilini? Mtu aliyesoma historia atakumbuka kwamba mwaka 1854 Waingereza walikuwa wakipigana na Warusi katika nchi ya Krimea. Lakini habari ya kuvaa itampiga chenga. Mwenziwe, ambaye labda hakuisoma historia hiyo lakini babaye alikuwa fundi cherehani, atasema kwamba liko koti ambalo mkono wake hushonwa moja kwa moja tangu shingoni, pasipo mshono wa begani, na mkono huo huitwa raglan. Hapo yule wa kwanza atashtuka: Raglan! Ndiye aliyekuwa jemadari wa Waingereza. Basi wa pili ni Cardigan, aliyeongoza wapanda farasi siku ile ya tarehe 25 Oktoba, na jina lake limebaki katika sweta lenye vifungo kifuani. Na vita vyenyewe ni vya Balaclava, jina iliyopewa kofia ya sufu ifunikayo kichwa na shingo na kuacha uso tu.

Angalieni lililotendeka hapo. Mwenye historia peke yake asingalifika. Mwenye cherehani peke yake asingalifika pia. Wala haikutosha kwamba wote wawili wamo chumbani. Ilipasa mmoja aseme jambo ambalo kwake lilionekana dogo, la mkono wa koti, ili mwenzake apate njia. Lau angalinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, alama 6 zote zingalipotea, na asingalijua kamwe kwamba yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Hili ndilo tutakalo kuwaonyesha ndugu zetu. Katika kazi zetu tumelelewa kwa mitihani ya kukariri. Kijana huingia kazini kwa kukariri, hupanda cheo kwa kukariri kanuni kwa namba zake, na mkubwa wake humpima kwa upesi wa kutaja kifungu. Hatusemi kanuni zisijulikane. Mtumishi asiyejua kanuni ni hatari kwa umma na kwake mwenyewe. Lakini kazi ya Serikali haitujii ikiwa imeandikwa namba ya kifungu juu yake. Hutujia kama fumbo. Mjane anakuja na karatasi tatu, moja ya mirathi, moja ya kiwanja na moja ya shule ya mtoto, naye hajui ya kuwa tatizo lake ni moja tu. Karani wa ardhi huona kiwanja, karani wa mahakama huona mirathi, wa elimu huona ada. Kila mmoja ana kipande chake, na kila mmoja hujibu sawasawa kwa kanuni zake, na mjane huenda zake bila msaada. Ujuzi ulikuwako wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kamba.

Jambo la pili tulipendalo katika mchezo huo ni bei ya msaada. Timu iliyokwama haifukuzwi, wala haitukanwi. Huomba, hupewa kidokezo, hupunguziwa alama, na safari huendelea. Alama 3 zilizopatikana kwa msaada ni alama 3 za halali, na zaweza kuleta ushindi. Ni nani kati yetu asiyelijua jalada lililolala miezi mezani kwa sababu mwenye meza hakuelewa neno moja, akaona haya kumwuliza mwenziwe wa chumba cha pili? Haya hiyo ina gharama kubwa kuliko alama tatu, nayo hulipwa na mtu aliye nje dirishani, asiyekuwa na kosa lolote. Tungalikuwa na desturi ya kuhesabu msaada kuwa ni bei ndogo ya kufika, kuliko kuwa ni aibu, majalada mengi yangaliamka usingizini.

Hapa wazee watatuuliza: je, mnakwenda London kutafuta kilichomo barazani kwenu? Wana haki ya kuuliza. Tangu utoto twajua kuitikia. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Hutega, na wakishindwa hudai, "Nipeni mji." Hupewa mji, na hapo ndipo hutoa jibu. Angalieni jinsi mchezo wa Uingereza ulivyo ndugu wa huu: huko alama hupungua, huku mji huondoka mkononi, pande zote mbili ujinga una bei, na ukiisha kulipa bei umeondolewa ujinga bila uadui.

Walakini iko tofauti, nayo yatupasa kuisema wazi. Vitendawili vyetu vingi vimezeeka kwa kurudiwa. Ukisema, "Nyumba yangu haina mlango," mtoto wa miaka mitano atajibu, "Yai," na hatafikiri hata kwa nukta moja, maana amekwisha sikia. Yeye aliyekitega mara ya kwanza, mahali fulani, zamani za kale, alikuwa mtu wa fikira kali. Sisi tumeipokea kazi yake tukaifanya kuwa kitu cha kukariri, kama kanuni za ofisini. Katika mchezo wa redio kila swali ni jipya. Likiisha kuulizwa halina kazi tena, na mtungaji hana budi kwenda kutafuta jingine. Kwa hiyo hatuendi London kuchukua kitu kigeni. Twakumbushwa na mgeni kwamba shoka letu ni zuri, ila tumeacha kulinoa.

Iko hoja nyingine, na hii ni nzito zaidi. Wako watakaosema kwamba mchezo huo ni mchezo wa watu waliosoma vyuo vikubwa, wenye kujua Kilatini na muziki wa opera, na kwamba ukiletwa kwetu utakuwa njia nyingine ya wenye vyeti kuwacheka wasio na vyeti. Twaikubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba maswali mengi ya redio ile yametoka katika vitabu, nyimbo na picha ambazo Mwingereza aliyesoma huzikuta nyumbani kwake. Hata lile fumbo la Balaclava ni la kwao kabisa. Tulilitumia kuonyesha umbo tu.

Nusu ya pili hatuikubali. Katika timu ya London palikuwa na bibi mmoja aliyesikilizwa miaka mingi, Irene Thomas. Bibi huyu alipata kuwa mwimbaji katika kundi la waimbaji wa jumba la opera la Covent Garden, yaani mmoja wa wale wasimamao nyuma ambao majina yao hayatajwi. Mwaka 1961 alishinda mashindano ya redio yaitwayo Brain of Britain. Katika Round Britain Quiz mwenziwe wa timu alikuwa John Julius Norwich, mwandishi wa vitabu vya historia, mwenye cheo cha ukabaila, ambaye babaye alikuwa waziri na balozi. Mwimbaji wa safu ya nyuma na mwana wa waziri walikaa meza moja, na hakuna aliyeuliza nani amkaribishe nani. Fumbo halina habari ya cheo cha mtu.

Basi rai yetu ni hii: tuazime mchezo, lakini maswali tutunge wenyewe, kwa Kiswahili, kwa mambo yaliyo mbele ya macho yetu. Tukiazima na maswali, tutakuwa tumejenga mtihani mwingine wa kukariri, na tena wa kukariri mambo ya watu. Tukiyatunga wenyewe, tutagundua kwamba tumezungukwa na mafumbo ambayo hatujapata kuyatazama. Ili msidhani kwamba twasema maneno matupu, tumeyatunga matatu.

La kwanza ni hili. Nyumba moja ina watoto saba. Wawili kati yao, waliofuatana kuzaliwa, kila mmoja jina lake ni Wa Tano. Na Wa Sita hayumo. Ni nyumba gani, na kwa nini imekuwa hivyo? Nyumba ni juma letu. Jumatano ni siku ya tano kwa hesabu ya Waswahili, ianzayo Jumamosi, siku ifuatayo Ijumaa. Mara baada yake yaja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano, maana Waarabu huanza hesabu yao Jumapili. Hata asiyejua Kiarabu husikia hamsa ndani yake kila ahesabupo hamsini. Basi kila juma twapita katika hesabu mbili za watu wawili waliokutana pwani, na mara nyingi hatuna habari.

La pili lawahusu watumishi wa Serikali zaidi kuliko watu wengine. Mmoja alitua moyo, wa pili akapata salama, wa tatu akazama. Na Serikali imepanga kwa wote watatu. Ni nani hao? Wa kwanza ni Bagamoyo, mahali pa kubwaga moyo. Wa pili ni Dar es Salaam, makao ya salama, ambako Wajerumani walihamishia makao yao makuu mwaka 1891. Wa tatu ni Dodoma, palipochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu. Wagogo husimulia habari ya tembo aliyekuja kunywa maji akazama matopeni, na jina la mji likatokana na kuzama kwake. Katika fumbo hili karani mwenye shahada huenda akakumbuka miaka, asijue tembo. Tarishi aliyezaliwa Ugogo humjua tembo tangu magotini pa bibi yake. Wakae pamoja, nao watashinda. Tena juu ya Bagamoyo watabishana, maana wako wasemao kwamba ni wapagazi waliobwaga mioyo kwa furaha ya kufika pwani, na wako wasemao kwamba ni watumwa walioiacha mioyo yao huko kwa huzuni. Mabishano hayo yenyewe ni elimu, na msimamizi asiyakate upesi.

La tatu ni jepesi. Mwanamke ajitwikaye mtungi wahitaji kuikunja. Mwenye kiu huichovya mtungini. Diwani huchaguliwa kwayo. Na fundi wa nguo akiambiwa neno lake hushika mkasi. Ni neno gani? Ni kata. Kata ya kichwani, kata ya kifuu ya kutekea maji, kata ya utawala, na kata ya mkasi. Sisi wa maofisini twaliandika neno hili mara nyingi kwa siku, na twadhani lina maana moja.

Mtaona kwamba katika mafumbo haya yote hakuna lililohitaji kitabu kutoka ng'ambo, wala hakuna lililo rahisi kwa sababu ni letu. Mtaona pia kwamba mtu wa cheo cha chini hana hasara ndani yake. Wazee wetu walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga, mwaka 1922, waliwakutanisha watu wa dini na makabila mbalimbali ambao kazini kila mmoja alikuwa na meza yake. Walijua ya kuwa chama si ada na kadi tu. Ni mahali ambapo mtu husikia kile ambacho jirani yake anakijua.

Kwa hiyo twayashauri matawi yajaribu kwa utaratibu ufuatao. Kila timu iwe ya watu wawili au watatu, wala wasiwe wa idara moja, na katika kila timu awemo mmoja wa vyeo vya chini. Kila swali liwe na alama 6. Kidokezo kitolewe kwa wanaokiomba, na alama zipunguzwe bila mzaha wala dharau. Wafikiri kwa sauti. Anayenong'ona aambiwe aseme, maana wasikilizaji wamekuja kusikia njia na si jibu tu. Timu iliyokwenda njia njema ikakosa hatua ya mwisho isitoke mikono mitupu. Maswali yaletwe na wanachama wote, yatiwe katika kisanduku, na mtungaji awe tayari kuonyesha ushahidi wa kila kipande, kwa kuwa fumbo lenye uwongo ndani yake ni mtego na si mchezo. Swali lililokwisha kutumika katika tawi moja litangazwe katika gazeti letu hili, lisirudiwe.

Zawadi ya fedha hatuishauri. Fedha zikiingia, mtu ataanza kuuficha ujuzi wake asimpe mwenziwe, na hilo ndilo tunalolipiga vita. Mshindi ashangiliwe, apewe chai na andazi, na apewe kazi ya kutunga maswali ya mkutano ujao. Kutunga ni kugumu kuliko kujibu. Yeye aonaye kwamba kujibu kwamtia kiburi, kutunga kutamshusha.

Wako watakaosema kwamba huu ni upuuzi wa jioni, na kwamba asubuhi kazi itakuwa ile ile. Huenda. Lakini twaamini kwamba mtu aliyezoea Jumamosi kusema mbele ya wenzake, "Sijui jibu, ila hili neno la mkono wa koti lanikumbusha jambo," hatashindwa Jumatatu kunyanyuka kitini, kuvuka ukumbi, na kumwambia karani wa chumba cha pili maneno kama hayo juu ya karatasi tatu za yule mjane. Matawi yaanze. Nasi twangoja maswali yenu, na lililo gumu kuliko yote tutalipiga chapa katika toleo lijalo bila jibu lake, ili atakayelishindwa atupe mji.

Wahariri